Mkono Uliotoka Chini ya Jukwaa

Juzi fundi alipong'oa ubao mmoja wa dari katika nyumba niliyohamia hapa Morogoro, harufu ilishuka kabla ya vumbi. Ilikuwa harufu ya mavi ya popo, kavu, chachu, ya kukwaruza koo. Fundi akaziba pua na kucheka. Mimi nikashika fremu ya mlango, maana mkono wangu wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka wenyewe kutoka begani hadi kwenye vidole, kama wa mtu aliyeinua kitu kizito juu ya kichwa kwa muda mrefu.

"Dada, una aleji?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba kwa dakika ile sikuwa Morogoro, nilikuwa nimelala chali chini ya jukwaa la ukumbi wa zamani wa Kilosa, mtoto wa darasa la sita, nimekumbatia upanga wa mbao na kusubiri kuletewa mtu aliyekufa?

Ninyi wenzangu mliokua enzi za simu za tochi mtanielewa. Kulikuwa na mambo ambayo wakubwa hawakutuambia, na sisi hatukuuliza. Tulisikia vipande, tukaunganisha wenyewe, na tulichounganisha ndicho tulichokiogopa.

Ukumbi wenyewe ulikuwa karibu na stesheni, jengo refu la mabati mekundu ya kutu, madirisha yake yamepigwa mbao. Ndani kulikuwa na jukwaa lililoinuliwa, na katikati ya jukwaa kulikuwa na tundu la mraba lenye kifuniko. Hatukuruhusiwa kucheza humo. Siku Madamu Felista, mwalimu wetu wa darasa, alipotupeleka na mifagio, popo waliruka kwa mkupuo hata wavulana wakalala chini.

Tulipomaliza kufagia alituketisha sakafuni. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyekaribia kustaafu, na siku ile sauti yake ilikuwa na mkwaruzo nisiouzoea. Akatuambia kuhusu mchezo wa kuigiza wenye nyimbo nyingi, mchezo wa zamani, wa mfalme wa kale wa Uingereza. Mfalme huyo alipokuwa kijana alichomoa upanga kwenye jiwe, upanga uliowashinda wanaume wazima. Upanga ule ulipovunjika vitani, mkono wa mwanamke ulichomoza katikati ya ziwa ukiwa umeshika upanga mwingine, naye akaupokea.

"Mchezo huu niliuleta hapa nikiwa mwalimu mpya, nikaucheza na vijana wa mji," alisema. "Ukafia hapahapa, kwenye jukwaa hili, kabla nyie hamjazaliwa. Sasa tutaufufua."

Wenzangu walishangilia. Mimi nilitazama kifuniko cha lile tundu. Neno kufufua nililijua kwa maana moja tu. Na katika habari za ukumbi ule, nyumbani kwetu alikuwapo mtu mmoja aliyekufa.

Alikuwa mama mkubwa Mwanahawa, dada yake mama yangu. Nilichokijua juu yake kilikuwa hiki: alikuwa binti mzuri mwenye sauti, alikuwa ndani ya ukumbi siku Mto Mkondoa ulipofurika, na maji yakamchukua. Hakuwa na kaburi. Kila Ijumaa Bibi alimsomea fatiha kwa kulitaja jina lake na la babake. Masika yalipokuja na mto ukaanza kunguruma, Bibi aligeuza kiti chake kikatazama ukuta.

Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu. Jioni moja nilimsikia mama nyuma ya bafu la mabati akizungumza na simu kwa kunong'ona. "Dada, mama hajambo... Huko kwenu bado baridi?... Nakuelewa. Lakini ipo siku uje, dada." Mama hakuwa na dada mwingine. Nilisimama pale na ndoo yangu, nikaelewa kwamba mama yangu anazungumza na marehemu, na kwamba chini ya maji kuna baridi.

Ndipo ukaja uchaguzi wa waigizaji. Madamu alisema vijana wa mji safari hii wako kwenye bodaboda na hawana muda wa nyimbo, kwa hiyo atatutumia sisi. Ndevu za mchawi wa mfalme zilitengenezwa kwa katani. Kofia za mashujaa zilikuwa sufuria zilizotoboka, na meza yao ya duara ilikuwa gurudumu kubwa la mbao lililokuwa limezungushiwa nyaya za umeme. Kila mtoto alitaka kuwa mfalme. Madamu aliwasikiliza wote wakiimba, kisha akamwita Masanja, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango.

Masanja alikuwa mtoto wa wafugaji waliohamia upande wa Chanzuru kutoka kanda ya ziwa. Alikuwa mkimya darasani, lakini alipofungua kinywa pale jukwaani sauti ilitoka pana na safi, sauti iliyozoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Kesho yake mzazi mmoja alikuja shuleni amefura. Ng'ombe walikuwa wamemlia mahindi msimu uliopita.

"Madamu, mfugaji ndiye awe mfalme wa watoto wetu?"

"Mimi natafuta sauti, baba," alijibu Madamu. "Kesi ya shamba ipeleke kwa mwenyekiti."

Ikabaki nafasi ya mwanamke wa ziwani, na hiyo haikutakiwa na mtu. Alipaswa kulala chini ya jukwaa gizani tangu mwanzo, na wimbo wa ziwa ukifika, auinue upanga kupitia kwenye tundu, mkono mtupu na upanga tu, bila uso wake kuonekana. Madamu aliwajaribu wasichana mmoja mmoja. Wa kwanza alipiga kelele kabla kifuniko hakijafungwa. Mwingine alitoka akilia, akadai kuna mtu anapumua humo. Upanga nao ulikuwa mzito, wa mti wa mninga, ndio uleule wa zamani. Wakubwa walisimulia kwamba baada ya mafuriko, maji yalipopungua, waliukuta umekwama kwenye tundu la jukwaa, ncha juu, umesimama wenyewe.

Nilinyoosha kidole. Sikuwa jasiri. Nilikuwa nimefikiri kwa siku kadhaa na kufikia hitimisho: kama mchezo unafufuliwa, basi atakayelala chini ya jukwaa, mahali alipolala mama mkubwa siku ya mafuriko, ndiye atakayemtoa. Huenda ningechukuliwa mimi badala yake. Hilo nalo nililifikiria, nikaona Bibi ana wajukuu wengine, lakini Mwanahawa wake ni mmoja.

Nilishuka. Chini kulikuwa na udongo laini uliokauka, mabaki ya tope la zamani, na harufu ile. Nyimbo zilinifikia kupitia kwenye mbao kama zinatoka mbali. Wimbo wa ziwa ulipoanza nikainua mkono. Sikutetemeka. Juu, mtu aligutuka.

"Mungu wangu," nilimsikia Madamu akisema taratibu.

Jioni alikuja nyumbani kuomba ruhusa. Baba alikuwa Ruhembe kwenye miwa, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa Bibi. Madamu aliketi mkekani bila kuegemea chochote. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi.

"Unamtaka na huyu?" Bibi aliuliza.

"Mama, safari hii nitakaa mwenyewe pale kwenye tundu."

"Mara ya kwanza ulikaa wapi?"

Machozi yalimtoka Madamu, akayaacha. Baadaye akasema, "Wote tulikimbilia mlangoni, mama. Maji yalikuja ghafla. Mkono wake ulikuwa umeshatoka, umeinuka na upanga, na hakuna aliyeupokea. Kila nikilala nauona. Nataka upokelewe, basi."

Bibi alinigeukia. "Wewe unataka?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa sababu gani?"

"Ili arudi."

Jikoni mwiko ulianguka. Bibi hakunitazama mimi. Alimtazama mama kupitia mlangoni, akamtazama kwa muda hadi mama akainamisha kichwa. Nilidhani Bibi amegundua kwamba mama anaongea na wafu.

"Mwache aende," alisema Bibi, akanyanyuka na kuingia chumbani.

Mazoezi yaliendelea wiki nyingi. Nilizoea giza, ila sikuzoea jambo moja. Kila wimbo wa ziwa ulipoanza juu, nilisikia mtu mwingine akiuimba karibu yangu, chini kabisa, kwa mashairi yaliyotofautiana kidogo na yetu. Sisi tuliimba "pokea, ewe mfalme." Sauti ile iliimba "nipokee." Nilimuuliza Masanja kama na yeye anaisikia akiwa juu. Alinitazama sana.

"Mi nasikia wewe unaimba," alisema. "Si ni wewe?"

Mimi sikuwa naimba. Sikuwa na pumzi ya kuimba.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumamosi, alasiri. Watu walijaa hadi kwenye madirisha, wengi wao walikuja kumwona huyo mfalme wa kifugaji, na wazee walikuja kwa sababu nyingine, ambayo hawakuisema. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya milima ya Ukaguru tangu asubuhi. Bibi hakuja. Mama alisema atachelewa kidogo, anampokea mgeni stendi.

Madamu alinifungia kifuniko, akabaki amechuchumaa nyuma ya pazia, mkono wake juu ya ubao. Nilisikia jiwe likivutwa, nikasikia Masanja akichomoa upanga wa kwanza na ukumbi mzima ukipiga makofi, hata waliokuja kukasirika. Nikasikia vita. Kisha wimbo wa ziwa ukaanza, na papo hapo, juu ya bati, mvua ikashuka.

Hakuna aliyekulia Kilosa asiyeijua mvua ya namna ile. Haikunyunyiza kwanza, iliporomoka. Kwaya ikamezwa. Kifuniko kiliondolewa, mwanga wa kijivu ukanimwagikia usoni, nikainua mkono na upanga kama nilivyofundishwa. Na kupitia kwenye mbao za jukwaa nikaanza kuhisi miguu ya watu. Mabenchi yalikwaruza sakafu. Mtu mmoja alipiga kelele, "Mto! Mto!" na wengine wakaitikia. Walikuwa wanakwenda mlangoni.

Mkono wangu ulibaki umeinuka. Wimbo ulikuwa umekatika. Nilisubiri. Bega lilianza kuwaka, kisha kutetemeka, na upanga ukaanza kuyumba. Nikajua ndio hivi ilivyokuwa. Alilala hapa, akainua mkono, akasikia watu wakiondoka.

Hapo ndipo mkono ulipokuja chini ya kiwiko changu.

Ulikuwa mkono wa mtu mzima, baridi, wenye unyevu. Haukunivuta. Ulinishikilia tu, kama unavyomshikilia mtoto anayejifunza kusimama, na uzito wa upanga ukaisha. Sikugeuza kichwa. Karibu kabisa na sikio langu sauti ikaimba, nipokee, nipokee.

Juu nilimsikia Madamu akipiga kelele, "Imba, Masanja! Baba, imba!" Na Masanja akaimba. Aliimba peke yake, kwa sauti ile ya kuita kutoka ng'ambo ya bonde, ikapita juu ya mvua, na miguu ikapunguza kukimbia, kisha ikasimama. Mbao zililia kidogo juu yangu alipopiga magoti. Vidole vyake viligusa vyangu. Upanga ukaondoka mkononi mwangu kwenda juu, na ule mkono wa chini ya kiwiko ukaniachia.

Nilipotolewa nililia hata nikatapika. Madamu alinikumbatia akisema, "Umepokelewa, mwanangu, umepokelewa." Mto haukufurika siku ile. Ilikuwa mvua tu.

Barazani kwa ukumbi, kati ya watu waliokuwa wanajikinga, nilimwona mama amemshika mkono mwanamke mwenye sura yake, lakini mwenye umri zaidi, aliyevaa gauni la buluu na kitambaa kichwani. Sikuhitaji kuambiwa. Picha yake ilikuwa kwenye sanduku la Bibi. Nilitazama miguu yake. Ilikuwa imelowa, ina matope hadi kwenye vifundo.

"Zaina huyu?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, imekauka kidogo kwa moshi. "Mkono wako una nguvu, mama."

Nilijificha nyuma ya Masanja, mfalme, ambaye bado alikuwa amevaa sufuria kichwani.

Tulitembea hadi nyumbani mvua ilipopungua, mimi nikiwa mbele ili nisitembee sambamba naye. Bibi alikuwa barazani anachambua mchele. Mama mkubwa alisimama uwanjani, akapiga magoti kwenye matope.

"Shikamoo, mama."

Bibi alichambua mchele. Alitoa jiwe, akalitupa, akatoa jingine.

"Shikamoo, mama," alirudia.

Bibi alimwambia mama yangu, "Mvua bado inarudi. Hizo nguo zianike ndani." Akaingia na ungo wake.

Jioni ile, tukiwa jikoni, nilimuuliza mama kama mama mkubwa amefufuka kabisa au atarudi. Mama alicheka, kisha akalia, kisha akanieleza. Siku ya mafuriko Mwanahawa alitoka mwenyewe chini ya jukwaa, maji yakiwa kifuani. Aliukuta ukumbi mtupu. Alikuwa ameposwa na mtu asiyemtaka, na kulikuwa na kijana mmoja Mkristo, utingo wa lori, aliyekuwa akimsubiri upande wa pili wa mji. Alilivua gauni jeupe la mchezo, maji yakaondoka nalo hadi kwenye daraja la reli, na lori likamchukua hadi Mikumi. Gauni lilipookotwa, watu wakakaa msiba. Matanga yakaisha, hitima ikasomwa. Miezi mingi baadaye mtu akaleta habari kwamba amemwona Mikumi, anauza chakula kwenye maegesho ya malori.

"Bibi akasemaje?"

"Alisema, 'Mwanangu nimeshamlilia. Huyo mnayemsema simjui.'"

Kuanzia siku ile mama mkubwa alikuja karibu kila mwezi, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli, kuliko nilivyoogopa chini ya jukwaa. Bibi hakumfukuza. Alimwacha aketi, alimwacha ale. Ila aliendelea kumsomea fatiha Ijumaa, naye yumo ndani ya nyumba. Alimzungumzia mbele yake kama mtu asiyekuwapo. "Marehemu Mwanahawa alipenda mlenda," alisema, na Mwanahawa amekaa pale, tonge la ugali na mlenda mkononi. Mama mkubwa alitafuna taratibu, akameza. Kila alipofika alipiga magoti, akasema shikamoo, na hakuitikiwa. Wakati mwingine, nikiwatazama wawili hao kwenye mwanga wa koroboi, sikuwa na hakika ni yupi kati yao aliyekufa.

Likizo moja mama alinipeleka Mikumi. Mama mkubwa alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara kuu, na mumewe, yule utingo wa zamani, sasa alikuwa mzee wa makamo anayemchotea maji. Jioni tulikaa nje tukisikiliza malori yakipunguza mwendo kwa ajili ya tembo. Nikapata ujasiri.

"Mama mkubwa, ahsante kwa siku ile."

"Siku ipi?"

"Ya mchezo. Uliponishika mkono kule chini."

Alinitazama, mwiko umesimama ndani ya sufuria. "Chini ya jukwaa? Mimi? Sikuingia humo, Zaina. Hata ungenilipa nisingeingia humo tena. Nilifika mvua imeshaanza, nikasimama mlangoni na mama yako, tukauona mkono wako kwa mbali."

Mama akaitikia kwa kichwa.

Nilimuuliza maneno ya wimbo aliouimba yeye zamani. Alifikiri kidogo. "Ule wa ziwa? 'Nipokee.' Nyie mliimba pokea, nikasema hawa watoto wamekosea." Akakoroga ugali. Hatukuzungumza tena habari hiyo, na hadi leo sina jibu. Mtoto mwenye hofu anaweza kuhisi mengi. Najiambia hivyo.

Miaka ilipita. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nipo nyumbani nasubiri matokeo, siku mama mkubwa alipofika jua kali, amebeba kiroba cha machungwa. Mumewe alikuwa amezikwa majuma machache nyuma, na alikuwa amekonda. Alikitua kiroba barazani, akaketi kwenye ngazi na kuvua viatu. Hakupiga magoti. Hakusema kitu. Nadhani alikuwa amechoka tu, kwa namna ambayo mtu huacha jambo bila hata kuamua.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake. Macho yake yalikuwa yamefifia siku zile, lakini masikio yalikuwa mazima. Alisubiri. Nilimwona akisubiri, mikono imetulia mapajani, kichwa kimeinama upande wa ngazi. Kuku walipita uwanjani. Mama alitoka jikoni, akasimama.

"Siku hizi," alisema Bibi, "huko Mikumi watu hawaamkii?"

Mama mkubwa aligeuka taratibu sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bibi alisema. "Marahaba, Mwanahawa. Ulichelewa sana."